Gobori la babu na bastola ya dola milioni: majibu kwa wasomaji

Juma lililopita niliandika habari za majambia na ala zake. Nilitarajia kuulizwa habari za majambia. Badala yake karibu kila aliyeniletea swali anataka kujua habari za bunduki! Basi leo tuzungumze bunduki, ila mjue kwamba mimi ni fundi wa mbao hapa Lamu, wa viti vya enzi na masanduku ya njumu, si mwindaji wala askari.

Mzee, shikamoo. Hao matajiri wanaokusanya bunduki huko ng'ambo, huwa wanaiota ipi hasa? (Msomaji, Malindi)

Marahaba. Kila mmoja na ugonjwa wake, lakini ukitaja Colt Walker wengi watameza mate. Ni bastola ya mwaka 1847, iliyobuniwa na Samuel Colt pamoja na kapteni wa jeshi la Marekani, Samuel Walker. Inabeba risasi sita na uzito wake umepita kilo mbili. Ukiitia kiunoni, shuka ya kikoi itakuvuka mbele za watu. Zilitengenezwa 1,100 hivi tu. Tena nyingine zilipasuka mikononi mwa askari kwa sababu ya wingi wa baruti, kwa hiyo zilizosalia nzima ni chache. Mwaka 2018 moja iliyokuwa bado ndani ya sanduku lake iliuzwa mnadani Marekani kwa dola 1,840,000.

Nami kama fundi wa masanduku, nilifurahi kusikia kwamba sanduku nalo lilihesabiwa.

Lakini linganisha na hii. Mwaka 2021, bastola ambayo sherifu Pat Garrett alimuulia jambazi Billy the Kid mwaka 1881 ilipata zaidi ya dola milioni sita. Ni Colt ya kawaida, ya aina iliyotengenezwa kwa maelfu. Chuma chake hakina ajabu yoyote. Kilicholipiwa ni kisa, na makaratasi ya kuthibitisha mkono kwa mkono ilikopita. Kisa bila karatasi ni porojo za barazani.

Nyumbani kwetu kuna bunduki ya babu, ina chapa ya taji na neno TOWER. Je, tumetajirika? (Msomaji, Shela)

Pole mwanangu, hapana. Tower ni ngome ya London iliyokuwa na ghala la silaha za serikali, na chapa yake iligongwa kwenye bunduki nyingi mno, za kweli na za kuigiza. Katika karne ya 19 bunduki kuukuu za Ulaya zilimiminika Unguja kwa shehena, zikaingia bara na misafara ya pembe za ndovu. Hilo la babu yako huenda ni mmoja wa umati huo.

Linalonitia wasiwasi ni jingine: lina kitu ndani? Magobori mengi yalitundikwa yakiwa yameshindiliwa baruti na risasi, na baruti nyeusi ikikaa pakavu haizeeki kama tunavyodhani. Wenye ujuzi hupima hivi: hupitisha ufito mwembamba wa mti ndani ya mtutu hadi ukwame, hutia alama mdomoni, kisha huuweka ule ufito nje sambamba na mtutu. Ukifika usawa wa kitundu cha moto, ni tupu. Ukipungua inchi mbili tatu, kuna mtu alishindilia akasahau. Ila wewe usilipime wala usivute mtambo, na usikae mbele ya mdomo wake. Usilibebe vichochoroni pia! Nenda kituo cha polisi mikono mitupu, ueleze, waje wenyewe walitazame na wakwambie sheria inataka nini.

Na msasa usiuguse. Ile rangi ya kahawia iliyokomaa ndiyo umri wake. Ukiisugua ikang'aa, umeifuta.

Mrao, gumegume na fataki ni bunduki tatu au majina matatu ya kitu kimoja? (Mwanafunzi, Mombasa)

Ni njia tatu za kuwasha moto. Ya mrao huwashwa kwa utambi unaofuka. Ya gumegume ina jiwe linalogonga chuma likatoa cheche. Ya fataki ina kikofia kidogo cha shaba chenye dawa inayolipuka kikigongwa na nyundo. Zote zikishindiliwa kwa mdomoni tunaziita gobori.

Mgeni ametoa bei nzuri kwa gobori letu, aondoke nalo. Niuze? (Msomaji, Langoni)

Usiuze. Kando ya sheria ya silaha kuna sheria ya makavazi na turathi ya mwaka 2006: kitu kilichotengenezwa au kuingizwa Kenya kabla ya 1895 ni cha kale, na hakitoki nchini bila kibali. Milango ya nakshi iliyochongwa kabla ya 1946 nayo inalindwa. Nasema hili kwa sababu anayeanza na gobori huishia kuutazama mlango.

Wavuvi wetu wameona mzinga chini ya maji. Tuutoe? (Msomaji, Faza)

Uacheni, mwaarifu makavazi. Chuma kilicholowa chumvi miaka mamia, kikikauka ghafla hupasuka na kumenyeka kama mkate mkavu. Ile merikebu ya Wareno iliyozama mbele ya Ngome ya Yesu mwaka 1697, Santo Antonio de Tanna, ilichimbuliwa na wataalamu misimu kadhaa, kuanzia 1977. Hawakuivuta kwa kamba.

Na wewe mzee, yako ya ndoto? (Msomaji huyohuyo wa Malindi)

Umenibana. Bunduki ya mrao ambayo mtutu wake umetoka popote ng'ambo, lakini kitako kimechongwa na fundi wa Siyu. Wasiyu walisifika kwa mbao, ngozi na chuma, na mwaka 1844 walilitimua jeshi la Seyyid Said, amiri wake akafia huko. Mji wa mafundi namna hiyo, siamini kwamba hakuna aliyetia nakshi kitako cha bunduki. Sijaiona bado. Aliyeiona aniletee picha ya kitako tu. Mtutu sina haja nao.