Ujazo wa Mchoro Si Ujazo wa Stoo

Wadogo zangu mnaokuja Tanga kwa mafunzo ya vitendo ya ujenzi, kila mwaka mnatuletea kosa lilelile, na safari hii nimeona niliandike. Michoro mnaisoma vizuri kuliko sisi tulipokuwa na umri wenu. Tatizo huanza pale mnapouchukua ujazo mliopima kwenye mchoro na kuupeleka stoo kama ulivyo.

1. Sementi na mchanga huingia katika nafasi zilizopo kati ya kokoto, hivyo mita 1 ya ujazo ya zege lililoshindiliwa hutaka takriban mita 1.54 za vifaa vikavu. Nimeshuhudia slabu ya mita 10 kwa 8, unene wa milimita 150, ikikadiriwa na kijana mmoja kwa uwiano wa 1:2:4, yaani sementi moja, mchanga mbili, kokoto nne. Alipata mita 12 za ujazo, na hapo alikuwa sahihi kabisa, kisha akagawa kwa 7, jumla ya sehemu hizo, moja kwa moja bila kuzidisha kwanza kwa 1.54, na kuagiza mifuko 50 ya sementi. Karatasi yake ilikuwa safi, imepangwa vizuri, na kwa sababu ilipendeza macho hakuna mkubwa aliyeirudia hesabu. Slabu ile ilihitaji mifuko 76. Zege lilipofika theluthi mbili stoo ilikuwa tupu, mashine inazunguka bure, mafundi wamesimama na makarai mikononi. Walikuwepo waliosema kiwanda cha sementi kipo Pongwe, hapa hapa Tanga, kwa hiyo hapana shida. Lakini mfuko ulioko Pongwe haumsaidii fundi aliyeko juu ya slabu, na mzigo ulipofika jioni, ukingo wa zege la asubuhi ulikuwa umeshakamata. Zege jipya haliungani na lililokamata likawa kitu kimoja. Kazi ikasimamishwa, na ukingo ule ukaja kuchongwa na kusafishwa kabla ya kumwaga tena. Mwenye nyumba hakugomba. Aliuliza tu kama mahali pale patavuja masika yakija, na swali hilo linaniuma hadi leo, kwa sababu alikuwa na haki ya kuliuliza.

2. Msingi upimeni kwa mstari wa kati, ule unaopita katikati ya unene wa ukuta. Nyumba ya mita 10 kwa 8 kwa nje, yenye ukuta wa milimita 150, ina mzunguko wa nje wa mita 36, lakini mstari wa kati ni mita 35.4. Kila ukuta wa ndani unapokutana na wa nje, toeni nusu ya upana wa kile mnachokipima: milimita 300 kwa mtaro wa 600, na 75 tu kwa ukuta wenyewe. Kijana anayetoa kiasi kimoja kwa vyote viwili hajaelewa anachokitoa.

3. Mchanga wa mwambao wetu hauji mkavu. Unyevu hutenganisha chembe, na ujazo unaweza kuongezeka kwa robo nzima. Slabu ile ya mita 12 hutaka mchanga mkavu wa mita 5.3 hivi, ukiwa na unyevu wa namna hiyo, agizeni mita 6.6. Fundi asiyelijua hili hupima karai zilezile, mchanga halisi unapungua katika kila mchanganyiko, na sementi inaisha kabla ya kazi. Wa ufukweni msiuguse, chumvi yake hula nondo.

4. Tofali za inchi 18 kwa 9 ni takriban 9 kwa mita ya mraba, mkishatoa milango na madirisha. Ongezeni asilimia 5 za kuvunjika.

5. Uzito wa nondo kwa mita, kwa kilo, ni kipenyo cha milimita mara kipenyo, gawanya kwa 162. Nondo ya milimita 12 yenye urefu wa mita 12 ina kilo 10.7 hivi. Mnachosahau ni mikunjo na mapishano, yaani pale nondo mbili zinapolaliana ili kuungana. Wiki hii nimemrudishia mmoja wenu karatasi yenye jumla ya kilo bila urefu wa mapishano aliouchukua. Pembeni ya kila tarakimu nataka kuona mlichokikadiria, iwe ni 1.54, unyevu wa mchanga au asilimia ya upotevu, ili mtu mwingine aweze kuirudia hesabu kabla lori halijaagizwa.