Chai ya asubuhi chumbani: namna ya kupunguza bili ya hoteli mkiwa likizoni na watoto

Katika milo yote ambayo familia hula ikiwa likizoni, kifungua kinywa ndicho kinachoweza kuondolewa kwenye bili ya hoteli bila mtoto hata mmoja kunung'unika. Chakula cha mchana mara nyingi huwakuta mkiwa matembezini, na cha jioni ni sehemu ya raha yenyewe, hasa kwa anayelala Mji Mkongwe wa Unguja, ambaye akitembea kidogo tu baada ya magharibi anafika Forodhani kwenye mishikaki, ngisi na juisi ya miwa. Asubuhi mambo ni tofauti. Watoto huamka na haraka ya kwenda kuogelea, hawana hamu ya kukaa mezani, na wakipelekwa kwenye bufee iliyosheheni kila aina ya chakula huishia kuchukua kipande cha mkate, soseji moja na glasi ya juisi, ilhali mzazi amelipia meza nzima. Sisi tunaishi Dar es Salaam na likizo zetu nyingi huwa Unguja, kwa hiyo ninayoyaeleza hapa yametokana na vyumba vya huko, ingawa mengi yake yanafaa pia Bagamoyo, Arusha au Mombasa.

Akiba yenyewe huanzia siku ya kuweka nafasi, kabla hata ya kufikiria mkate utanunuliwa wapi. Hoteli nyingi za Zanzibar hutangaza bei ya chumba ikiwa na kifungua kinywa ndani yake, na msafiri asiyeuliza huamini kwamba anakula bure. Piga simu mapokezi au waandikie ujumbe, uulize chumba hicho hicho kinatozwa kiasi gani bila chakula, kisha uulize kama kifungua kinywa hutozwa kwa chumba au kwa kichwa. Swali hilo la pili ndilo lenye uzito kwa familia kubwa, kwa sababu bei ya chumba cha watu wawili kwa kawaida hubeba chai ya watu wawili tu, na watoto wanaolala kwenye vitanda vya nyongeza hutozwa chao pembeni, pengine kwa nusu ya bei ya mtu mzima, huku wale wadogo kabisa wakiachwa bure. Ukiwa kwenye simu hiyo hiyo, ulizia bei ya wakazi, kwani zipo hoteli zenye bei nafuu kwa Watanzania ambayo huwezi kuiona kwenye tovuti za kuweka nafasi.

Tuchukue mfano wa wazazi wawili na watoto watatu, katika hoteli inayotoza shilingi 20,000 kwa chai ya mtu mzima na 10,000 kwa ya mtoto. Hapo kila asubuhi ni shilingi 70,000, na kwa asubuhi nne ni 280,000. Familia hiyo hiyo ikitumia shilingi 15,000 kwa siku kununua mkate, mayai, maziwa, ndizi na machungwa, ambazo ni fedha za kutosha kushiba na kubakiza, itakuwa imetumia 60,000. Zinazobaki ni 220,000, na kwa watoto fedha hizo zina maana zikigeuzwa kuwa mashua ya kwenda kisiwa cha Changuu kuwatazama wale kobe wakubwa ambao ukoo wao uliletwa kutoka Ushelisheli mwaka 1919, au kuwa nauli na kiingilio cha msitu wa Jozani kuwaona kima punju. Mimi huwaambia watoto wazi kwamba tunakunywa chai chumbani ili tupande mashua, nao wakishajua hilo hawaulizi tena soseji.

Kama tofauti kati ya bei hizo mbili ni ndogo, au kama hoteli inasema bei haipungui hata usipokula, basi kuleni cha hoteli, tena mle vizuri na kwa kuchelewa, ili mchana mtosheke na matunda na dafu. Hakuna akiba yoyote katika kulipia kifungua kinywa kisha ukanunua kingine dukani. Wapo pia wanaokula bufee kisha wakajaza mayai na maandazi kwenye mkoba kwa ajili ya mchana, jambo ambalo hoteli nyingi hulikataza, na sioni sababu ya mtu mzima kuviziana na wahudumu kwa ajili ya andazi. Ukilipia chai lakini unaondoka alfajiri kabla jiko halijafunguliwa, mweleze wa mapokezi jioni iliyotangulia, kwa kuwa hoteli nyingi huwa tayari kukufungia kifungua kinywa chako kwenye boksi. Na kwa wanaokwenda kwenye kambi na loji za ndani ya hifadhi, kama zile za Serengeti, mbinu hii waiache kabisa, kwa sababu bei za huko kwa kawaida hujumuisha milo yote, na chakula kinachowekwa ndani ya hema huwaita nyani na wanyama wengine.

Baada ya bei, kichunguze chumba. Vitu viwili ninavyovihitaji ni birika la umeme na friji ndogo, na vyote viwili naulizia kabla ya kulipa, maana neno "chumba cha familia" halitoi ahadi yoyote kuhusu birika. Ikiwa hakuna, tunabeba letu, lakini kwanza naomba ruhusa, kwa sababu zipo hoteli zisizotaka vifaa vya umeme vya wageni, na katika majengo ya zamani ya Mji Mkongwe yenye boriti na sakafu za mbao hofu yao ya moto ina msingi. Jiko la umeme, hita ya kutumbukiza kwenye ndoo na pasi ya kuchomea mkate viachwe nyumbani. Nitaongeza jambo ambalo huenda likaonekana dogo: msichemshe mayai wala soseji ndani ya birika la hoteli. Harufu haitoki, na mgeni atakayefuata atakunywa chai yenye shombo.

Friji za vyumbani nazo zina tabia zake. Nyingi hazifikii ubaridi wa friji la nyumbani, na katika hoteli ambazo umeme wa chumba huwashwa kwa kuchomeka kadi ya mlango ukutani, friji nayo inaweza kuzimika pale mnapoichomoa kadi na kwenda ufukweni. Jioni mnarudi, taa inawaka, friji linanguruma, maziwa yanaonekana salama, kumbe yamekaa saa sita kwenye joto. Namna rahisi ya kulipima ni kuweka chupa ya maji humo kabla ya kutoka siku ya kwanza na kuishika mnaporudi. Ikiwa ina uvuguvugu, chukulieni kwamba hamna friji, nanyi mnunue ipasavyo. Kanuni ya Shirika la Afya Duniani ni kwamba chakula kilichopikwa kisikae kwenye joto la kawaida la chumba zaidi ya saa 2, na kwa joto la Unguja la Januari mimi siisubiri hata saa hiyo ya pili.

Kwa sababu hiyo, vyakula vyetu ni vile visivyohitaji friji. Kutoka nyumbani tunabeba majani ya chai, sukari, tangawizi ya unga, siagi ya karanga, kisu kidogo, vikombe vya plastiki ngumu, bakuli zenye mifuniko na, juu ya vyote, chupa kubwa ya chai. Chupa hii ndiyo inayorahisisha kazi yote. Birika la hoteli kwa kawaida hutoa vikombe vitatu au vinne tu, kwa hiyo aliyeamka mapema huchemsha mara mbili, akamimina maji yanayotokota ndani ya chupa pamoja na majani na tangawizi, akafunga, na hadi wengine wamalize kuoga chai imeiva na inatosha watu wote. Maji tunayotumia ni ya chupa kubwa ya dukani, kwani maji ya Unguja hutoka kwenye ardhi ya mawe ya matumbawe, yana chokaa nyingi, nayo huacha utandu mweupe chini ya birika na ladha ambayo tangawizi haiwezi kuificha.

Vingine vyote tunavinunua kisiwani. Soko la Darajani, lililopo tangu 1904, lina matunda na mikate, na mitaa inayolizunguka ina maduka ya vyakula vya pakiti. Tunachukua maziwa ya pakiti ndogo yasiyohitaji ubaridi hadi yafunguliwe, ili kila pakiti iishe kwa mkupuo mmoja, pamoja na ndizi, machungwa, na embe zikiwa za msimu. Mkate wa kumimina ukinunuliwa jioni unafaa asubuhi yake. Vitumbua na maharage ya nazi ni vya kula asubuhi ile ile, kwa kuwa tui huchacha upesi kuliko mtu anavyodhani. Mayai tunanunua kwa wauzaji wa mtaani wanaoyauza yakiwa yamechemshwa, tunamenya na kula papo hapo. Mwenye mtoto mdogo asidanganyike kwamba unga wa uji wa lishe utaiva kwa kumiminiwa maji ya birika. Unga huo unahitaji kupikwa hasa, basi ama aombe jiko la hoteli limpikie, jambo ambalo wapishi wengi hulifanya kwa moyo, ama abebe chakula cha mtoto kilichotengenezwa kwa kukorogwa na maji ya moto.

Kwa anayefikia Nungwi, iliyo kaskazini kabisa umbali wa karibu kilomita 60 kutoka mjini, au Paje na Jambiani upande wa mashariki, ununuzi ufanyike mjini kabla ya kupanda gari. Maduka ya huko yapo, ila yale yaliyo jirani na hoteli yamezoea mfuko wa mtalii. Bebeni vikapu vyenu, kwani mifuko ya plastiki imepigwa marufuku pande zote mbili za Muungano.

Usafi ni sharti ambalo watoto hulisahau kwanza. Punje chache za sukari mezani zinatosha kuleta msafara wa sisimizi hadi kitandani, kwa hiyo tunakula juu ya kitambaa kimoja kinachokung'utwa nje, na taka zote za chakula hufungwa na kukabidhiwa mfanya usafi asubuhi hiyo hiyo. Huko Diani, kusini mwa Mombasa, roshani isiachwe wazi hata kidogo, maana tumbili wa huko wanakijua kifungua kinywa kuliko wageni wenyewe.

Kuna jambo ambalo sijaona likizungumzwa sana na wanaoshauri watu kuhusu kubana matumizi. Mama anayeamka saa kumi na moja nyumbani siku zote kuandaa chai, akiamka saa hiyo hiyo hotelini kupaka mkate siagi na kuosha vikombe kwenye sinki la bafuni, huyo hajaenda likizo, amehamisha jiko tu. Kama akiba hiyo itapatikana kwa kumnyima yeye usingizi, nashauri fedha zilipwe na bufee iliwe. Kwetu makubaliano ni kwamba mume wangu na mtoto mkubwa hutoka asubuhi kutafuta chapati na maandazi ya moto, wa pili hushughulikia chupa ya chai, wa mwisho hutandika kitambaa, na vikombe huosha yule aliyeamka wa mwisho. Mimi nalala. Asubuhi moja kati ya hizo tunaitenga kwa mgahawa wa wenyeji, wa supu na chapati, ili chumba kisigeuke kifungo.

Mwezi wa Ramadhani hubadilisha utaratibu huu. Mchana migahawa mingi ya wenyeji hufungwa, kula hadharani hakukubaliki, na wauza maandazi wa asubuhi hawaonekani mpaka alasiri, hivyo familia yenye watoto wasiofunga hununua jioni vya kula kesho yake na kula ndani, mlango ukiwa umefungwa. Kwa wanaofunga, vifaa vile vile ndivyo vya daku: ile chupa ya chai hujazwa kabla ya kulala, na hakuna haja ya kumwamsha mhudumu usiku wa manane.

Asubuhi ya kurudi Dar es Salaam inahitaji uangalifu wake, hasa likizo za Juni na Julai, wakati upepo wa kusi unapovuma na mkondo kati ya Unguja na bara ukachafuka. Safari ya boti iendayo kasi ni ya takribani saa 2, na aliyejaza tumbo chapati za mafuta na maziwa huijutia kabla ya kufika katikati. Siku hiyo tunakula mapema, mkate mkavu na ndizi, chai ya tangawizi bila maziwa, na kinachobaki kwenye chupa tunapanda nacho botini.