Makhan Singh hakuhukumiwa kifungo

Ndugu wa Kirumba umeuliza Makhan Singh, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi Kenya enzi za ukoloni, alifungwa miaka mingapi na kwa kosa gani. Hakufungwa kwa hukumu ya jinai, na hapa ndipo wengi wanapokosea. Aprili 23, 1950, Kaloleni, Nairobi, alidai hadharani uhuru wa Afrika Mashariki. Mei 15 akakamatwa. Kesi yake iliyosikilizwa Nyeri ilikuwa ya kumtangaza kuwa mtu asiyetakiwa nchini, kisha gavana akatoa amri ya kumzuilia. Amri ya namna hiyo haina tarehe ya mwisho, ndiyo maana alikaa kizuizini Lokitaung, Maralal na Dol Dol, huko kaskazini mwa Kenya, hadi Oktoba 1961. Miaka kumi na moja na ushee!

Ukomunisti wake hakuuficha. Lakini kilichowatisha wakoloni zaidi, kwa maoni yangu, ni alichofanya mwaka 1935: alichukua chama cha wafanyakazi Wahindi akakifungulia milango kwa rangi zote. Mwaka 1937 kikapanua jina kuwa cha Afrika Mashariki nzima, kwa hiyo hata sisi wa huku ziwani, Mwanza na Kisumu, tulihesabiwa humo.