Ruhusa ya kumtunza jamaa mwenye ulemavu: maswali kutoka Malindi na Lamu

Nafanya kazi ya vyumba hotelini, siku sita kwa wiki. Mwanangu ana mtindio wa ubongo, na kila Jumatano asubuhi ana mazoezi ya viungo hospitalini. Je, sheria yanipa likizo ya malipo ya kumpeleka? (Mama, Malindi)

Kwa jina hilo, dada, hapana. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inataja likizo ya mwaka, ya ugonjwa, ya uzazi, ya baba na ya anayeasili mtoto. Ya kumtunza jamaa mwenye ulemavu haimo, na pengo hilo linawaumiza kina mama kuliko wote. Kwa hivyo anza na mkataba wako. Kama hoteli ina makubaliano na KUDHEIHA, chama cha wafanyakazi wa hoteli na majumbani, mwombe mwakilishi wenu akuonyeshe kifungu cha ruhusa za dharura: je, ni za malipo, au zinakatwa kwenye likizo ya mwaka? Kilichoandikwa humo kikizidi sheria, hicho ndicho kinachofuatwa.

Kisichopingika ni likizo ya mwaka: siku 21 za kazi kwa mshahara kamili kila unapotimiza miezi 12. Siku ya mapumziko ya wiki na sikukuu za taifa hazihesabiwi humo. Kifungu cha 28 kinaruhusu kuzigawa mkikubaliana. Kwa kawaida sehemu moja huwa wiki mbili mfululizo, yaani siku 12 kwa mtu wa siku sita. Zinabaki 9, ambazo ukizikata nusu ni asubuhi 18. Lakini kifungu hichohicho kinawaachia nafasi ya kuandikiana vingine. Mkikubali kuzikata zote 21, unapata asubuhi 42, karibu kila Jumatano ya mwaka. Sisi tungekushauri usifike huko. Mlezi naye huchoka, na akilala yeye, mtoto hana wa kumpeleka. Jibakishie wiki moja, siku 6. Zile 15 zinampa mtoto asubuhi 30.

Wakati wa kuomba ni Januari. Hoteli nyingi za Malindi huwapeleka watu likizo wageni wakipungua, masika yakiingia, na ukishapewa 21 zote kwa mkupuo, Jumatano za mwezi wa Agosti huna cha kuzilipia. Andika barua fupi: "Naomba likizo yangu ya mwaka igawanywe, nusu siku kila Jumatano, saa moja asubuhi hadi saa saba mchana, kuanzia tarehe fulani. Nakala ya kadi ya kliniki naiambatanisha." Peleka nakala mbili, na moja urudi nayo ikiwa na sahihi ya aliyeipokea na tarehe. Ruhusa ya mdomo ya msimamizi wa zamu hufa siku anapohamishwa.

Mamangu amepooza upande mmoja kwa kiharusi. Daktari yu radhi kuniandikia mimi mapumziko ya ugonjwa nimpeleke Mombasa. Nikubali? (Mlinzi, Lamu)

Usikubali, ndugu yetu. Kifungu cha 30 ni cha ugonjwa wa mfanyakazi mwenyewe: baada ya miezi miwili kazini, siku 7 za mshahara kamili na 7 za nusu mshahara katika kila miezi 12. Cheti kikisema u mgonjwa nawe uko Mombasa na mama, hicho ni cheti cha uongo. Kitakufukuzisha kazi na kumtia daktari matatani.

Omba barua ya kweli yenye jina la mama, tarehe ya kliniki, na maneno kwamba hawezi kusafiri bila mtu wa kumwinua. Kisha hesabu safari nzima: boti hadi Mokowe, basi, kliniki, kurudi. Anayeomba siku moja hurudi ya tatu, na zile mbili huandikwa utoro. Mwandikishe mama pia kwa Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu baada ya kupimwa katika hospitali ya serikali. Kadi yake hukuondolea kuulizwa upya kila mara.

Kakangu asiyeona alianguka ngazini, nikakaa naye siku nne. Nilimpigia msimamizi simu. Kurudi, nimefutwa. (Karani, Langoni)

Pole sana. Kutofika kazini bila ruhusa wala sababu halali ni kosa kubwa chini ya kifungu cha 44, na mtu aweza kufutwa papo hapo. Hata hivyo, kifungu cha 41 kinamtaka mwajiri kwanza akueleze kosa kwa lugha unayoielewa, kisha akusikilize ukiwa na mfanyakazi mwenzako au mwakilishi wa chama. Kama hukuitwa, hapo ndipo penye nguvu ya madai yako. Hifadhi orodha ya simu ulizopiga, jumbe, na karatasi ya hospitali yenye tarehe. Fika kwa afisa wa leba ndani ya miezi mitatu. Kortini una miaka 3, na Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi huketi Malindi pia. Fidia yaweza kufika mishahara ya miezi 12. Usitie sahihi karatasi ya "nimejiuzulu kwa hiari yangu" hata ukiambiwa ndiyo njia ya kulipwa haraka.

Mimi ni kibarua wa ujenzi, nalipwa kila jioni. Kwangu kuna likizo? (Shela)

Ikiwa siku zako za mfululizo zimetimia mwezi, kifungu cha 37 kinakugeuza mfanyakazi wa mwezi. Zikipita miezi miwili, unastahili masharti sawa na aliyeajiriwa. Tatizo huwa ushahidi, basi weka daftari: tarehe, kazi uliyofanya, kiasi ulicholipwa, nani alikupa.

Siku za likizo nilizobakisha mwaka jana zimepotea? (Malindi)

Bado. Una miezi 18 tangu mwisho wa mwaka uliozichuma.