Maswali yenu ya 3D: miwani, dagaa na simba wa Tsavo

Haya wakuu, wiki hii mmenijazia maswali ya 3D, yaani picha zinazoonekana zina kina, najibu kama yalivyokuja.

Nina miwani ya karatasi, upande mmoja nyekundu mwingine bluu, naivaa naangalia muvi kwenye TV naona rangi mbaya tu. Mbovu? (Mwanga)

Miwani nzima ndugu yangu, muvi ndo siyo yake. Hiyo miwani kazi yake kuchuja, sasa muvi lazima iwe na picha mbili zimelaliana, moja nyekundu moja bluu-kijani, ukiangalia kwa macho matupu unaona kama imechapwa vibaya, kila jicho linapata yake halafu ubongo unaunganisha. Muvi ya kawaida ina picha moja, hata uvae miwani mitatu.

Simu ya kawaida inaweza kupiga 3D? Hela ya kamera sina. (Kibirizi)

Inaweza, tena hapo kwenu ndo penyewe. Macho ya mtu mzima yameachana sentimita 6 na kitu, we unachotaka ni picha mbili zilizoachana hivyohivyo. Nenda dagaa wakiwa wameanikwa, simama mita 2 hivi, egemea mguu wa kushoto piga, hamia mguu wa kulia piga tena, simu usiizungushe, iteleze tu pembeni. Wapiga picha wana kanuni yao: nafasi kati ya picha mbili iwe sehemu 1 ya 30 ya umbali wa kitu cha karibu, mita 2 gawa kwa 30 unapata sentimita 6.7 hivi, karibu sawa na macho yako. Mtu akikatiza hapo katikati imeharibika, rudia.

Kuangalia sasa: ziweke pamoja kwenye skrini, ya kushoto ikae kulia na ya kulia ikae kushoto (ndiyo, kinyume), weka kidole kati ya pua na simu, kikodolee, nyuma yake zitatokea picha tatu, hama taratibu uangalie ya katikati. Inasumbua mwanzoni, ila ikikubali unaona kabisa dagaa yupi kamlalia mwenzie, yupi mkia umenyanyuka, mpaka kanafasi kale chini ya tumbo kabla ya mchanga.

Mi nimejaribu milima ya Kongo, imetoka bapa. (Ujiji)

Lazima itoke bapa! Ziwa Tanganyika upana wake kwa wastani ni kilomita 50, piga hesabu ileile, inabidi utembee zaidi ya kilomita 1 na nusu kati ya picha na picha, ukifika mawingu yashasogea. Tafuta boti lililovutwa mchangani likae mbele, hilo litasimama vizuri, milima iache huko nyuma.

Baba mdogo ana jicho moja ila kwa kupaki lori ananishinda. Inakuwaje? (Gungu)

Msalimie sana mzee. Kina hakiletwi na macho mawili tu, kuna vivuli, kuna kitu kufunika kingine, na ukisogeza kichwa vya karibu vinahama haraka kuliko vya mbali. Ila 3D ya miwani ndo haitampa kitu. Cha ajabu House of Wax ya 1953, muvi ya 3D iliyovuma kwelikweli, aliyeiongoza, André de Toth, alikuwa na jicho moja!

3D si ilianza na Avatar? (Katubuka)

Wapi! Avatar ni muvi ya 2009 juzi tu hapa. Mwingereza Charles Wheatstone alishaeleza haya mambo 1838, akitumia vioo na michoro, maana picha za kamera zenyewe zilitangazwa kwa watu 1839, yaani 3D imetangulia picha za kamera kutangazwa. Baadaye David Brewster akatengeneza kifaa cha lensi cha kuangalizia picha hizo, Malkia Victoria akakipenda kwenye maonyesho ya London 1851, basi kila mwenye sebule akataka chake. Halafu 1952 ikatoka Bwana Devil, hiyo ndo iliwasha homa ya 3D Marekani, na inahusu simba wala watu wa Tsavo, hapo jirani Kenya wakati wa ujenzi wa reli. Simba wetu, ila sehemu kubwa wameipigia California.