Maswali na majibu: Mitihani ikikaribia, wanaojitolea wanayeyuka

Swali

Mkutubi, salaam. Nimekabidhiwa maktaba ndogo ya kituo cha wanawake chuoni kwetu. Tuna vitabu kama 1,300, kaunta moja, na wanafunzi 22 wanaojitolea, kila mmoja saa mbili kwa wiki. Tunafungua saa tatu asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, Jumatatu hadi Ijumaa, watu wawili kila zamu. Muhula ukianza mambo hunyooka; mitihani ikikaribia nabaki mimi na funguo zangu. Vitabu havikai mahali pake ingawa nimewafundisha namba za Dewey, zile za kupanga vitabu kwa mada. Na muhula uliopita msichana mmoja alikuja analia: mwenzake wa bwenini alijua kitabu alichoazima kwetu. Nafikiria kuomba tuwekewe programu ya kompyuta ya kuendesha maktaba. Itasaidia? Nianzie wapi?

Jibu

Dada mratibu, salaam nyingi. Naanza na huyo msichana, maana zamu zikivurugika utafunga mlango mapema na kesho utafungua, lakini siri ya msomaji ikishatoka hairudi.

Nakisia mnatumia daftari kubwa la mistari: tarehe, jina, kitabu, sahihi. Kila anayekuja kutia sahihi anayasoma majina kumi yaliyo juu ya lake, hata asipotaka. Huyo mwenzake wa bwenini huenda hata hakuambiwa na mtu. Alikuwa anatafuta mstari wake. Kwa hiyo kabla ya kuwaita wanafunzi wako na kuwahoji nani kasema nini, liondoe hilo daftari kwenye kaunta. Leo, kama unaweza.

Badala yake tumia kadi moja kwa kila uazimaji, karatasi ngumu ya ukubwa wa kiganja. Iandikwe namba ya kitabu, tarehe ya kurudisha na namba ya mwanachama mliyompa ninyi wenyewe, si ile ya chuo ambayo marafiki zake wote wanaijua. Orodha inayounganisha namba na jina ikae kwako, ndani ya droo yenye kufuli. Kadi zipangwe kwa tarehe kwenye kasha lenye kifuniko. Kitabu kikirudi, kadi inachanwa pale pale, mwenyewe akiona. Utaniuliza, na takwimu za ripoti ya mwaka? Chora vijiti kwenye karatasi ya siku: afya vinne, sheria viwili, riwaya saba. Wakubwa wanaotaka ripoti wanahitaji idadi, hawahitaji majina. Na ukikuta vitabu vya msaada vyenye zile kadi za zamani kwenye kijaluba cha jalada la nyuma, zenye majina ya kila aliyewahi kukiazima, zitoe.

Hili si jambo la kituo cha wanawake peke yake. Chama cha Wakutubi cha Marekani kiliiweka siri ya msomaji katika maadili yake tangu 1939, na wakutubi wengi duniani wanafunzwa hivyo. Tofauti ni kwamba kwenu msomaji anaweza kuwa ameazima kitabu cha kumkimbia mume.

Kuhusu programu: mimi nasema bado. Koha, kwa mfano, ni ya bure na ni imara. Ilianza kutumika huko New Zealand mwaka 2000 na leo iko katika maktaba za kila namna. Lakini inataka mtu wa kuihudumia: seva, nakala za akiba, maboresho. Nani atafanya hayo mwanafunzi anayeijua akihitimu? Halafu programu za aina hii huweza kuhifadhi historia ya uazimaji ya kila msomaji, nawe utalazimika kujua pa kuizima. Utakuwa umetoa daftari kaunta ukaliweka ndani ya kompyuta. Vitabu 1,300 vinatosha kabisa kwenye faili moja la Excel, lenye orodha ya vitabu tu, bila msomaji hata mmoja.

Sasa zamu. Hesabu uliyonipa ina jibu ndani yake. Saa nane kwa siku, siku tano, ni saa 40. Watu wawili kila zamu, ni saa 80 za kazi. Wanafunzi 22 mara saa mbili ni 44. Yaani kila wiki, hata kabla ya mitihani, una pengo la saa 36, na nadhani unalijua linazibwa na nani. Wanafunzi wako si wavivu kuliko wengine. Ratiba yako ndiyo kubwa kuliko watu ulio nao.

Fungua saa sita mchana hadi saa kumi jioni. Hizo ni saa 20 kwa wiki, 40 za kazi, na zinabaki nne za mtu kuugua au kufiwa. Sikulazimishi saa hizo hizo. Weka karatasi mlangoni, kwa wiki mbili mchore kijiti kwa kila anayeingia na saa aliyoingia, ndipo mchague. Kituo chenye saa chache zinazotimizwa hupata wasomaji kuliko chenye saa nyingi za kubahatisha, kwa sababu mtu aliyekusanya ujasiri wa kuja kwenu akikuta kufuli mara moja, mara ya pili haji.

Wiki za mitihani zipangie tangu siku ya kwanza ya muhula. Fungua saa saba hadi saa tisa tu: saa mbili, siku tano, watu wawili, unahitaji wanafunzi kumi. Mtu anapojiandikisha muulize, “Utakuwapo wiki za mitihani, ndiyo au hapana?” Anayesema hapana asidharauliwe, mpange kwingine. Ukishapata kumi wa ndiyo, umemaliza. Kama hawafiki kumi, tangaza mapema kwamba wiki hizo kaunta itafunguliwa siku tatu. Si aibu.

Kanuni ya kubadilishana iwe moja: mwenye zamu ndiye anayetafuta wa kumshikia, kisha anaandika kwenye kundi la WhatsApp majina mawili, anayetoka na anayeingia. Wewe usitafute mtu. Ukianza kutafuta, umeajiriwa na watu 22. Na zamu zisipungue saa mbili. Nilipokuwa mgeni kazini nilipanga za saa moja moja nikidhani nawarahisishia. Robo saa ya kwanza ilikwisha kwa kuulizana kulikoni, ya mwisho kwa kukusanya mikoba.

Tuje kwenye rafu, na hapa nitakaa kidogo. Kosa la kwanza mtalikuta kwenye nukta. Mwanafunzi anaona 305.42 na 305.5, anasema arobaini na mbili ni kubwa kuliko tano, anaiweka 305.42 baada ya 305.5. Mfundishe asisome arobaini na mbili. Asome nne, kisha mbili. Basi mpangilio unakuwa 305.4, 305.42, 305.48, halafu 305.5. Usimweleze kwa mhadhara. Mpe vitabu 20 vilivyochanganywa kwenye toroli, avipange, mwenzake akague. Dakika 15 zinatosha, na atakayekosea atakumbuka maisha yake yote.

Kosa la pili si lao, ni la namba zenyewe. Dewey alitoa mpango wake mwaka 1876 kwa maktaba za maarifa yote, ambamo habari za wanawake ni pembe ndogo ya nyumba. Matoleo ya zamani yaliwaweka 396, jirani na 395 ya adabu na mwenendo mwema. Baadaye wakahamishiwa 305.4. Kwenu hiyo pembe ndiyo nyumba nzima. Ndiyo maana nusu ya rafu zenu, nadhani, inaanza na 305.4, na iliyobaki ina mikia mirefu kama 362.8292, ukatili ndani ya familia, ambayo hakuna mtu wa zamu ya saa mbili atakayeisoma sawasawa mgongoni mwa kitabu chembamba.

Ningekuwa mimi, namba za Dewey ningeziacha kwenye faili, na mgongoni ningebandika lebo ya rangi na herufi tatu za jina la mwandishi. Rangi saba au nane: afya, sheria, kazi na kipato, historia, malezi, riwaya na kadhalika. Kitabu chekundu kikiwa kati ya vya kijani kinaonekana kutoka mlangoni. Mpe kila mwenye zamu rafu moja ya kwake, aikague dakika kumi za kwanza. Wasomaji wasirudishe vitabu wenyewe. Wekeni meza iliyoandikwa “Acha hapa”.

Tahadhari moja kuhusu majina ya sehemu. Niliwahi kuona rafu iliyoandikwa kwa herufi kubwa “WALIOBAKWA”, ikitazamana na dirisha la kioo. Vitabu vyake vilikuwa vipya kabisa hata baada ya miaka miwili. Nani angesimama pale? Iite “Usalama na kupona”, isogeze kusikoonekana toka mlangoni, na weka kiti, ili mtu asome bila kuazima chochote.

Mtu akifika kaunta akaanza kulia, mwanafunzi wako asigeuke mshauri. Afanye mambo matatu: amkaribishe akae, amwambie “Pole, umefanya vizuri kuja”, amwoneshe kadi yenye mahali na saa za mshauri wa kituo na kumuuliza kama angependa kusindikizwa. Asiulize nini kimetokea. Na asiahidi “sitamwambia mtu yeyote”, kwa sababu baadhi ya mambo sheria au kanuni za chuo huenda zikamlazimu mtu kuyaripoti. Waulize mapema walio juu yako ni yapi, uwaeleze wanafunzi kabla ya zamu yao ya kwanza.

Mwisho ni hizo funguo. Maktaba niliyoisimamia iliwahi kufungwa siku tatu kwa kuwa ufunguo ulikwenda likizo ndani ya mkoba wa mwanafunzi mmoja, mtu mwema kabisa. Chonga wa pili, ukae ofisi ya kituo, na kila anayeuchukua aandike saa aliyouchukua na saa aliyourudisha. Hapo, ndiyo, daftari la mistari litafaa.