Huo mparachichi hauna njaa ya mbolea, umezidiwa na ukoka

Msomaji mmoja wa Iringa amenitumia picha ya mparachichi aliopanda uani. Umeshamaliza mwaka na zaidi, lakini bado unamfika gotini, majani yamepauka, na nyasi zimeufuata hadi shinani. "Kaka, niweke mbolea gani?" Nikamjibu asiweke yoyote, ang'oe nyasi. Naona hakuridhika, kwa hiyo leo naeleza kirefu.

Mimi naishi Uyole, Mbeya. Uwanja wa mbele ni ukoka mtupu, na mwenye ukoka huo ni mke wangu, kwa hiyo hata ruhusa ya kupanda miparachichi ya aina ya Hass niliipata kwa kubembeleza. Siku ya kupanda nikachora duara pana kuzunguka kila shimo, kama mita moja na nusu kutoka ukingo hadi ukingo, nikachimbua ukoka na mizizi yake yote na kuutoa nje ya ua. Ukiurundika pembeni, mvua ikinyesha unashika tena.

Shemeji yangu alikuwepo. "Bwana shamba, mbona unatutia vipara uani?" Watu wakacheka, na jina la Mzee Vipara likanifuata mpaka kwenye vikao vya harusi. Sijalisahau, na sioni sababu ya kujifanya nimelisahau.

Shimo lenyewe halina maajabu: sentimita 60 kila upande na 60 kwenda chini, udongo wa juu ukichanganywa na samadi iliyooza vizuri. Nilipanda mvua za kwanza zilipokwisha kulowesha ardhi. Kiriba, ule mfuko wa plastiki wa mche, nilikichana chote nikakitoa, na pale mche ulipobebeshwa, yaani kikonyo kilipounganishwa na shina la chini, pakabaki juu ya udongo. Mche nao niliuinua kidogo, maana mparachichi ukisimama kwenye maji mizizi inaoza.

Tatizo kubwa ni hilo la nyasi. Mizizi ya mparachichi inayonyonya chakula iko juu juu, palepale ukoka ulipojaa. Ukimwaga maji, ukoka unakunywa kwanza. Ukiweka mbolea, unanenepesha ukoka. Masika hutaona tofauti, ila ngoja kiangazi, kuanzia Juni hadi mvua zirudi, ndipo mche unasimama hapo hapo bila kuongeza hata jani.

Njoo kwangu Agosti, vumbi likitimka barabarani, ufunue matandazo ya majani makavu chini ya mti wangu wowote. Udongo una unyevu, na vijizizi vyeupe vimepanda hadi kwenye majani yanayooza. Ila matandazo yasiguse shina, acha nafasi ya kiganja.

Shemeji naye alipanda msimu ule ule, nyasi hadi shinani, bustani safi kama ya hoteli. Kijana wake wa kufyeka akawa anapitisha fyekeo karibu na miti ili pasibaki hata jani refu. Mche mmoja gome lilichubuka mzunguko mzima, ukakauka. Mingine ipo, ila ukiiona utaihurumia. Mimi msimu uliopita nimegawa parachichi mtaa mzima, na kwake nilipeleka mwenyewe, ndoo imejaa hadi juu.

Ndugu zangu, tunapenda mno uwanja wa kupigia picha. Mti unaachwa upambane na nyasi, halafu lawama zinamwendea muuza miche, mara udongo, mara baridi ya Julai. Ng'oa nyasi kwanza! Hata kama mke amenuna, hata kama wageni wanacheka.

Na ukishang'oa usiseme umemaliza, ukoka unarudi kwa kutambaa kutoka pembeni. Kila mwaka panua duara lifuate ncha za matawi, mpaka kivuli chenyewe kizishinde nyasi. Palizi ya ndani ya duara ifanye kwa mkono, kwa sababu jembe litakata vijizizi vile vyeupe.